Nimeachiwa Peugeot 404 ya marehemu baba. Nataka kuingia kwa wapenzi wa magari ya zamani, nianzie wapi?

BintiMoro:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nipo Morogoro, kazi yangu ni duka la vitambaa, kwa hiyo mkianza habari za injini naomba mniongelee taratibu.

Katika vitu alivyoacha marehemu baba kuna gari ambalo hakuna aliyelitaka isipokuwa mimi. Ni Peugeot 404, saluni, gia iko kwenye usukani. Baba alikuwa mhasibu kwenye shirika la umma, na shirika lilipoondoa magari yake makuukuu akalipata hili kwenye mnada. Namba za SU, zile za mashirika ya umma, zikatoka, zikaingia za TZ. Tulikwenda nalo Kilosa, tulikwenda nalo Tanga kwenye harusi tukiwa tumebanana kiti cha nyuma na mabeseni miguuni. Nilipokuwa sekondari likaharibika, spea ikakosekana, likasogezwa nyuma ya nyumba na kufunikwa turubai. Lipo hapo mpaka leo. Tairi zimelala chini, ila vioo vyote vizima, taa zipo, na ufunguo ninao mimi.

Kaka zangu wameshamleta mtu wa chuma chakavu akalitazama na kutaja bei kwa kilo. Nimewaomba wanivumilie.

Sitaki kulirudisha barabarani kesho. Ninachotaka ni kuwa karibu na watu wanaoyajua haya magari. Kuna siku nilikuwa Dar, nikakuta Jumapili asubuhi magari ya zamani yamepangwa, maboneti juu, watu wanakunywa kahawa na kubishana. Nilitamani kusogea nikaona aibu. Wengi ni wanaume wa umri wa baba, magari yanang'aa, na mimi langu lina panya.

Kwa hiyo nauliza: mtu mwenye gari lisilotembea anapokelewa? Nitengeneze kwanza ndipo nijitokeze, au nijitokeze kwanza? Haya ni mambo ya wenye hela tu? Na gari likifika umri gani ndipo linahesabiwa la kale?

Mwenye kumbukumbu za 404 aziweke pia. Baba alikuwa akituambia gari hili lilishinda Safari Rally mikononi mwa mtu wa Dar es Salaam. Sisi tulidhani ni maneno ya mwenye gari kusifia gari lake.

Korola90:
Mkuu uza chuma hicho, ongezea, chukua Toyota IST. Ushauri wa bure huo.

BintiMoro:
IST ninayo kaka. Swali halikuwa hilo.

Korola90:
😂 Haya nimekaa chini, nasoma.

Mzee wa Magara:
Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Baba yako hakuwadanganya hata kidogo. Mwaka 1966 na tena 1967 East African Safari, ndiyo hiyo Safari Rally, ilichukuliwa na Bert Shankland na msoma ramani wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Shankland alikuwa Mskochi aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam, kwa hiyo kwetu Tanzania ule ulikuwa ushindi wa nyumbani. Na si hiyo miwili tu. 404 ilishinda pia 1963 na 1968, mara zote mbili na Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya. Sasa sikia jambo ambalo vijana hawalijui: miaka hiyo miwili, 1963 na 1968, waliofika mwisho walikuwa magari saba tu kila mwaka, kati ya yaliyoanza zaidi ya themanini. Mengine yote yalibaki porini. Gari lililoshinda miaka yote miwili ile ndilo hilo kaka zako wanalotaka kulipima kwa kilo.

Mashindano yenyewe yalianza 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa, yakawa yanazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisi watoto wa Mbulu tulikuwa hatujui habari za malkia. Tulichojua ni kwamba Pasaka ikifika na mvua ikinyesha, yatapita magari usiku, na yakifika kwenye tope yatatuhitaji. Wakubwa walikuwa wanakaa na moto kando ya barabara. Ukisikia muungurumo unatokea upande wa Magara kila mtu anasimama. Kuna gari likizama linasukumwa na kijiji kizima, dereva akitoka salama hata hageuki kusema asante, anaondoka na tope lake anatuachia letu. Tulikuwa tunabishana wiki nzima ni lipi tuliloligusa. Mimi hadi leo naapa niliisukuma 404, na mdogo wangu anasema ilikuwa Ford Cortina. Hatujapatana.

Kuhusu swali lako, nenda bila gari. Chukua picha za zamani za familia ambazo gari limeonekana, hata kama ni kipande cha mlango tu nyuma ya mtu wa kipaimara. Ukiwaonyesha watu wale picha ya 404 yenye namba ya SU, watakuletea kiti wewe kabla hawajakuuliza unaendesha nini. Wenye magari yanayong'aa wana shida moja kubwa: kila anayewasogelea anauliza bei. Mtu anayekuja na historia ni nadra.

Mwananchi_Kariakoo:
Mzee umenirudisha mbali. Mnakumbuka Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi halitakiwi barabarani? Mafuta yalikuwa hakuna. Mjomba alikuwa na 404, saa saba na nusu anaanza kuhangaika kama ana treni ya kuwahi. Siku moja tulikuwa Kibaha kwa bibi, saa nane ikatukuta, tukalala huko mpaka Jumatatu, shule nikakosa. Nililipenda sana lile gari.

FundiPlatini (Mwanza):
Binti, kabla ya mambo ya kujiunga, nikuombe jambo moja na ulishike. Asije mtu yeyote na betri akaanza kupiga stata. Magari yaliyolala yanauawa siku hiyo hiyo. Pistoni zimeshashikana na silinda kwa kutu, ukilazimisha unavunja ringi au unapinda vali, halafu unaambiwa injini ilikuwa mbovu toka zamani.

Unatafuta fundi mtu mzima asiye na haraka. Atoe plagi zote nne. Kwenye 404 plagi zimezama ndani ya mashimo marefu juu ya kichwa cha injini, na kila moja ina kijiti kirefu cha kushika waya. Vijiti hivyo vimekauka, vinapasuka kwa hasira ndogo tu. Kabla ya kufungua apulize yale mashimo kwa upepo, maana miaka yote hiyo mchanga na mende vimejaa mle, akifungua bila kupuliza vyote vinaangukia kwenye silinda. Kisha amimine kidogo kidogo oili ya injini iliyochanganywa na dizeli kwenye kila shimo, liachwe. Siku kadhaa. Msiligombeze.

Baada ya hapo mnatumia hendeli. 404 ilitengenezwa na nafasi ya hendeli mbele, ile ya kuzungusha kwa mkono, na mara nyingi iko kwenye buti pamoja na jeki, itafuteni. Mzungushe taratibu plagi zikiwa nje. Ikizunguka, piga vigelegele. Ikikataa, rudia oili, subiri tena.

Wakati mnasubiri, chomoa kijiti cha oili ukiangalie. Injini hii silinda zake ni laina zilizochomekwa kwenye bloku, na maji ya rejeta yanazigusa moja kwa moja. Chini yake kuna vizuizi vya maji. Vikichoka, na hasa kama gari lilikuwa linawekwa maji ya bomba bila kulanti (dawa ya maji ya rejeta), maji yanashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ikiwa nyeusi tu, shukuru Mungu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini inashuka chini yote, hakuna mjadala. Ila hata hapo usilie, uzuri wa laina ni kwamba zinatolewa zinawekwa mpya, hakuna kuchonga bloku.

Tangi la mafuta lishushwe. Petroli ya miaka hiyo imeshakuwa gundi. Mipira yote ya mafuta na ya maji ni ya kutupa, usiionee huruma hata ile inayoonekana mizima. Breki usizipime kwa kukanyaga, raba za masta silinda na za magurudumu zimekufa hata kama pedo inaonekana ngumu. Tairi soma ubavuni: tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya DOT ni wiki na mwaka. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya 2000. Fanyia bembea ya watoto.

Mambo mawili ya 404 ambayo mafundi vijana wanakosea. Gia boksi yake inatumia oili ya injini, si ile nzito ya gia. Na difu yake, kwa 404 nyingi, ina parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi. Baadhi ya oili za kisasa za difu zina dawa inayokula bronzi. Msimimine chochote mpaka muone kitabu cha gari kinasema nini.

Watu watakutisha pia na petroli, kwamba zamani ilikuwa na madini ya risasi ya kulinda vali na ya sasa haina. Ni kweli, nchi zetu za kusini mwa Sahara risasi iliondolewa kufikia mwanzo wa 2006. Lakini kichwa cha 404 ni cha alumini na vali zake zinakalia pete za chuma kigumu zilizopachikwa. Kwa mwendo wa kwenda kanisani na kurudi huna wasiwasi.

Mimi nilianza kama mtoto wa gereji wakati wa vita vya Kagera. Magari ya watu na ya mashirika yalichukuliwa kwenda kusaidia jeshi, na yaliyorudi yalirudi hoi. Tulipokea 404 pikapu moja haina milango, haina kioo, kiti cha dereva ni gunia la pamba. Mwenyewe alikuja kuitambua kwa kovu la kuchomelea alilolipiga mwenyewe kwenye fenda. Ilikuja ikiendeshwa, haikuvutwa.

Landi109:
Fundi umeeleza vizuri sana ila tuwe wakweli. Huyu dada ana duka, hana gereji. Platini na kondensa, vile vidude vya zamani vya kutoa cheche, atavipata wapi? Mimi Land Rover yangu 109 nimeitoa injini nimeweka ya Toyota. Inawaka asubuhi, inakwenda Loliondo, spea kila kona. Dada weka injini ya Toyota uendeshe, uishi.

Ila kwa kujiunga nakuunga mkono. Oktoba 2024 tulipokusanyika Arusha Land Rover zilikuwa zaidi ya elfu moja. Kulikuwa na zilizopakwa rangi juzi na kulikuwa na zilizokuja na kuku wamelala ndani. Nimeona mmoja gari lake limekuja kwa kamba nyuma ya mwenzake, na huyo ndiye aliyepigwa picha kuliko sisi wote.

FundiPlatini (Mwanza):
Landi, 109 yako ni gari la kazi, sina ugomvi nalo. Lakini injini ya 404 imelazwa upande ndani ya boneti, nyuzi arobaini na tano. Kuweka injini iliyosimama utakata vishikio, utahamisha rejeta, utagusa usukani, utabadili na gia boksi. Ukimaliza una bodi ya Pijo na matatizo ya Toyota. Halafu ile injini ya asili itaenda wapi? Kwa mtu wa chuma chakavu yule yule.

Landi109:
Linalotembea ni bora kuliko la asili lililolala. Sijabadili msimamo.

KipangaNbo:
Pole sana dada kwa kumpoteza mzazi. Mimi niko Nairobi, na huo ubishi wa injini tunao hapa kila wikendi, hauishi, kwa hivyo usiungoje uishe. Maoni yangu ni kwamba kama injini ya mzee bado inazunguka, iache. Ukibadilisha leo huwezi kurudi. Ukiacha leo, kesho bado unaweza kubadilisha. Na kama utabadilisha, ile ya zamani ipake mafuta, ifunge kwa nailoni, iwekwe stoo. Usiiuze.

Kwetu 404 wengi hatukuijua kama gari la nyumbani, tuliijua kama gari la kusafiria. Ile stesheni wagoni ya safu tatu za viti, Nairobi hadi Nakuru, Nairobi hadi Kisumu. Ulikuwa unalipa zaidi ya basi na unajiona mtu. Mimi nilikuwa mdogo, naketishwa nyuma kabisa pamoja na mzigo, nikitazama barabara ikirudi nyuma kupitia kioo. Kufika kwenye mteremko wa bonde la ufa dereva anashusha gia kwa ule mkono wa usukani, mama yangu anaanza kuomba kwa sauti. Baadaye zikaja 504, zikachukua kazi ile ile.

Kuhusu mambo ya hela. Hapa kuna Africa Concours d'Elegance, shindano la magari yaliyotunzwa vizuri, mwisho wa Septemba, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Imekuwepo tangu 1970, na waandaaji ni klabu ya wenye Alfa Romeo lakini magari ni ya kila aina, hata pikipiki. Majaji wanapanga kwa madaraja na wanachungulia mpaka chini ya gari, kwa hivyo ukienda na tope huna bahati. Ndiyo, kuna matajiri pale. Kuna pia mwalimu mstaafu na gari alilonunua akiwa kazini, ameling'arisha mwenyewe miezi mingi, na anapata alama kuliko mwenye gari la kuagiza. Njoo mwaka mmoja kama mtazamaji tu, lipa tiketi yako, tembea, uliza. Wanaume wazee hawa unaowaogopa wakiulizwa swali moja kuhusu kabureta wanaongea hadi soda inaisha gesi.

Na ukiingia kwenye kikundi chochote cha magari haya kuna mambo ya kuangalia. Atakayekuuliza namba ya chasisi na picha ya kadi siku ya kwanza, mwepuke. Atakayesema "hilo halifai dada, nitakusaidia kuliondoa," huyo analitaka. Na kama kikundi kina mchango wa kila mwezi, uliza unafanya kazi gani kabla ya kutoa. Vingine ni vya spea na kusaidiana gari likizima njiani, vingine ni vya nyama choma tu. Nyama choma si mbaya, lakini ujue unalipia nini.

Mpwani_Unguja:
Assalaam aleikum. Dada yangu, wote hawa wanakusemesha injini. Mie nakwambia tazama bati. Injini hununuliwa, bati likishaoza huna gari. Hapa kwetu bahari inakula kila kitu, nimeona 504 teksi imepakwa rangi mpya inapendeza, ukikaa kiti cha mbele unaona barabara chini ya miguu.

Morogoro hamna chumvi, hiyo bahati yako. Lakini turubai si rafiki. Unyevu unapanda kutoka ardhini unagota juu unarudi. Litoe turubai mchana wa jua, fungua milango yote, ondoa mazulia na viti ukiweza. Chukua bisibisi, gonga na uchokonoe taratibu: sakafu ya pande zote mbili, ile boriti ya chini ya milango, buti pale spea tairi inapokaa, na ndani ya matao ya magurudumu. Palipo pazima panarudisha sauti. Palipooza bisibisi inazama, nawe unajua. Piga picha kila pahala, tena na pale pazima. Usikubali fundi bodi akuzibie kwa fiba na puti akakwambia tayari. Bati hukatwa likachomelewa bati.

Na ulijengee kibanda chenye mabati juu, pembeni wazi, chini mawe. Hiyo ndiyo pesa ya mwanzo kutumia. Plagi baadaye.

HatiKwanza:
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyegusa karatasi. Dada, usitumie hata shilingi kwenye gari hilo kabla ya mambo haya.

Gari ni sehemu ya mirathi. Je, msimamizi wa mirathi ameshateuliwa na mahakama? Kama bado, anzieni hapo. Kama ameshateuliwa, muandike kikao cha familia kwamba 404 limeangukia kwako, wote watie saini, na thamani itajwe hata kama ni ile ya kilo. Leo wanaliita chuma. Likishawaka, likapakwa rangi, watu wakaanza kusimama barabarani kulipiga picha, litaitwa gari la baba na kila mtu atakumbuka haki yake.

Ukiwa na barua za usimamizi na kadi ya zamani ndipo unakwenda TRA kubadilisha umiliki. Hizo namba za TZ haziruhusiwi tena barabarani, utasajiliwa upya kwa namba za T. Watu wengi wenye magari yaliyolala wanaogopa rodi laiseni ya miaka yote. Ada ile ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo haijaendelea kujilimbikiza. Ya kabla ya hapo kaulizie mapema, upate jibu la maandishi. Kadi ya zamani itunze hata ukishapewa mpya, wapenzi wa magari haya wanaithamini kuliko rangi.

Mwananchi_Kariakoo:
Hapo kwenye "gari la baba" umemaliza kila kitu mkuu. Kwetu ilikuwa Bedford. Hatusalimiani mpaka leo.

Korola90:
Samahani wakuu, nauliza kwa niaba ya rafiki. Corolla DX ya mzee wangu, ile KE70, inahesabiwa?

KipangaNbo:
Rafiki yako ana miaka mingapi? 😄 Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linasema gari liwe na miaka 30 au zaidi, liwe limetunzwa katika hali inayolingana na asili yake, na lisiwe la matumizi ya kila siku. DX imepita zamani. Hata zile Corolla 100 za mwanzo mwanzo zimeshafika kwa umri. Huku Kenya vijana wanaitafuta DX kwa udi na uvumba kwa sababu ya rali. Mwambie huyo rafiki asiiuze.

Korola90:
Wiki iliyopita kuna jamaa alikuja kuuliza bei. Ngoja nimpigie mzee sasa hivi. Dada Moro, nafuta ile kauli ya IST.

BintiMoro:
Nimerudi. Kwanza ahsanteni, sikutegemea haya yote. Nimemsomea mama sehemu ya Mzee wa Magara akaniambia baba alikuwa anaweka redio juu ya boneti siku za Pasaka, na majirani wanajaa. Mimi sikuwahi kuijua hiyo.

Kikao cha familia kimefanyika. Kaka mkubwa ametia saini huku anacheka, mdogo wake amesaini huku hacheki, ila wote wamesaini na shangazi ameshuhudia. HatiKwanza ubarikiwe.

Turubai nimelitoa. Sakafu upande wa dereva bisibisi ilizama sehemu mbili, upande wa abiria pamelia vizuri kote, buti zima. Hendeli imekutwa ndani ya buti imefungwa kwenye kitambaa cha gauni langu la darasa la tatu. Fundi niliyempata ni mzee mmoja wa hapa Kihonda, alitengeneza Pijo za shirika enzi hizo, na aliposikia ni 404 alikuja siku hiyo hiyo bila kuuliza malipo. Oili ni nyeusi, haijachanganyika na maji. Plagi tatu zimetoka, ya nne kijiti kimepasuka kama mlivyosema. Tumemimina oili na dizeli, tunasubiri.

Na Jumapili iliyopita nilikwenda Dar. Nikasogea. Nilikuwa na picha mbili kwenye bahasha, na nikauliza swali moja tu la kabureta kama KipangaNbo alivyosema. Niliondoka saa tisa. Kuna mzee ana 403, kanipa namba ya mtu wa Tanga mwenye milango na bampa za 404, na mama mmoja ana Volkswagen Beetle anaiendesha mwenyewe, ndiye aliyenichukulia kiti. Sijaombwa mchango. Nimeambiwa nikija tena nije na fundi wangu.

Sasa swali: kijiti cha plagi kilichopasuka nitakipata wapi? Na je, kuna namna ya kujua gari lilitengenezwa mwaka gani hasa? Kadi inasema mwaka wa usajili wa baba tu.

Mzee wa Magara:
Redio juu ya boneti! Baba yako tungepatana sana.

KipangaNbo:
Mwaka unajulikana kwa namba ya chasisi. Peugeot wana makumbusho yao huko Sochaux, Ufaransa, na pia wana hifadhi ya kumbukumbu, ukiwaandikia na namba ya chasisi unaweza kupata cheti cha tarehe gari lilipotoka kiwandani. Unalipia. Wewe waandikie wao moja kwa moja, hiyo namba usiibandike hapa.

Kijiti cha plagi usitumie pesa nyingi, 404 na 504 za petroli zinafanana sana hapo, na 504 zilizokufa huku ziko nyingi. Nitaulizia gereji za Industrial Area. Kuna basi la Dar kila siku.

FundiPlatini (Mwanza):
Msalimie huyo mzee wa Kihonda, mwambie kuna mwenzake Mwanza. Kama alifanya kazi na Pijo za shirika basi mimi sina la kumfundisha, msikilize yeye.

Kipanga akitafuta kijiti atafute vinne, si kimoja, vyote vina umri sawa. Na mkiwa mnasubiri ile oili ifanye kazi, futa vumbi ubavuni mwa kabureta usome maandishi. 404 zilikuja na Solex, nyingine Zenith. Nitajie ni ipi, na kama kuna namba chini yake inakili pia, ninazo gasketi kwenye kopo hapa gereji toka zamani, nitaangalia zipi zinaingia.